Kiti cha Bure Hadi Nairobi

Kazi yangu ni kuwaombea watu ruhusa ya kuvusha ndege zao mpakani. Sisemi yale mashirika makubwa yenye ofisi Kigali. Nasema ndege ndogo za watu binafsi, ya mfanyabiashara wa kahawa, ya tajiri aliyekuja kutazama masokwe kisha akapumzika kidogo kando ya ziwa. Watu hudhani ndege ikishapata mafuta na rubani inaondoka tu. Haiondoki. Inataka ruhusa ya kutua, ruhusa ya kupita juu ya nchi ambayo hata haitatua, cheti chake, bima yake, leseni ya rubani, orodha ya abiria, na mpango wa safari unaoeleza itaruka saa ngapi na itapita njia gani. Kila nchi inataka karatasi hizo kwa mpangilio wake, na inajifanya kama nchi nyingine hazipo. Kisha zinafuata ada: ya kutua, ya kulaza ndege, ya kuongozwa angani, ya kila kichwa kilichomo ndani. Ndege hulipia uzito wake hata ikiwa tupu.

Haya yote nayafanya katika chumba kimoja mtaa wa Mbugangari, hapa Gisenyi, Rwanda, juu ya duka la vipuri vya pikipiki, na nimeyafanya mpaka nimechoka. Nasema nimechoka bila kutafuta neno la adabu. Zamani nikisikia ndege inaruka nilikuwa natoka barazani kuitazama. Siku hizi nasikia mngurumo, najua karatasi zake zimekwisha, nafungua faili jingine. Kutoka dirishani nawaona akina mama wanaoelekea Goma, upande wa Kongo, na mabeseni ya nyanya kichwani. Wanavuka, wanauza, wanarudi, na mimi bado nimekodolea simu macho nikingoja jibu la ofisi fulani Nairobi au Entebbe. Mmoja wao aliwahi kuniuliza kwa nini ndege nayo isipewe jetoni. Siku hiyo nilicheka.

Jetoni ni kijikaratasi wanachopewa Wakongomani wa mpakani wanapovuka kuja kwetu kwa siku moja. Unakionyesha, unaingia, unamaliza shughuli zako mjini, na jioni unakirudisha pale pale ulipokichukua. Goma na Gisenyi ni kama nyumba moja iliyojengewa ukuta sebuleni. Vizuizi ni viwili, bariyeri ndogo kule juu kwenye msongamano wa wachuuzi, na bariyeri kubwa huku chini karibu na ziwa. Watu wa hapa wakivuka hawasemi wanasafiri. Wanasema wanakwenda sokoni, au msibani, au kumsalimia shangazi.

Mama mkwe wangu anakaa Goma. Mimi nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia Rwanda. Mume wangu alizaliwa ng'ambo hiyo ya Kongo. Tukakutana hapa Gisenyi, wote wawili wageni katika nchi tuliyoambiwa ni yetu. Kiswahili changu kinawachekesha wakwe zangu mpaka leo. Wanasema naongea kama redio.

Kitinda mimba wa mama mkwe, yaani shemeji yangu, alikwenda Nairobi kijana mdogo na akaishi huko kama mkimbizi. Alingoja miaka mingi kupelekwa nchi nyingine, mpaka sisi tukaacha kumuuliza habari hizo ili tusimuumize. Ghafla mwaka huu akaitwa: Kanada, na kuondoka ni mwisho wa juma lile lile. Alimpigia mama yake akilia na kucheka pamoja. Mama mkwe aliponipigia mimi hakulia. Alisema anataka jambo moja tu, amwone na kumbariki kabla hajaondoka, kwa sababu kule anakokwenda yeye hatafika.

"Mukwe," aliniambia, "we unajuaka mambo ya ndege. Nifikishe kwa mutoto yangu."

Basi la kupitia Uganda lingemfikisha mwanawe amekwisha ondoka, na hata hivyo magoti yake hayawezi safari ya namna hiyo. Tiketi ya kutoka Kigali, ukiitafuta kwa haraka vile, ilikuwa juu ya uwezo wetu. Mume wangu ni dereva wa lori na alikuwa njiani, mbali. Nilikaa kitini pangu nikitazama mafaili ya ndege za watu, na moja ya ndege hizo ilikuwa hapa hapa, kwenye kiwanja chetu kidogo cha Gisenyi, ikirudi Nairobi siku ile ile iliyotakiwa, na ndani yake mwenye ndege peke yake na rubani.

Mwenye ndege ni mzee mmoja wa Kenya, mfanyabiashara wa kahawa, mteja wangu wa siku nyingi na mtu wa maneno machache. Katika muda wote huo sikuwahi kumwomba kitu isipokuwa karatasi na saini. Nilimwomba kiti. Akasema, "Aje." Nilikata simu na maneno yote ya kubembeleza niliyokuwa nimeyaandaa hayajatumika.

Nikaanza kazi. Ndege binafsi hairuhusiwi kubeba abiria wa kulipa, kwa hiyo niliandika kwamba mama ni mgeni wa mwenye ndege. Kisha nikampigia wifi yangu, dada wa mume wangu anayeishi na mama yake, kumwonya kwamba wasimpe mzee yule kitu chochote, mtu asije akadhani kiti kimenunuliwa.

"Bure ya kweli?" akauliza.

"Ya kweli. Msilete kitu."

"Hata sambaza ya kukauka?" Alimaanisha visamaki vya ziwani.

"Hata sambaza."

"Wifi, mutu anakubebea mama yako mupaka Nairobi, na we unafika mikono mitupu? Atasema sisi ni batu ya namna gani?"

Tulibishana mpaka tukakubaliana: sambaza zibaki Goma, lakini jibini ya Masisi, ile ya milimani kwao, ije, kwa ajili ya shemeji, sio kwa ajili ya mzee. Nilidhani hapo tumemaliza tatizo kubwa zaidi.

Jambo jingine gumu lilikuwa kuondokea hapa hapa. Kwa kawaida ndege inayokwenda nje ya nchi hupitia Kigali kwanza, kwa sababu kiwanja chetu hakina maofisa wa uhamiaji na forodha wanaoshinda pale. Ukitaka iondoke moja kwa moja, unaomba mapema, unalipia maofisa waje kutoka mpakani, na unapewa muda wako. Niliomba, nikasukuma, nikapiga simu mpaka sauti ikakauka. Tulipewa mpaka saa nane mchana. Hapo ndege ingefika Nairobi jua lingalipo, kwenye kile kiwanja cha ndege ndogo, na shemeji angekuwa pale akimngoja mama yake. Jioni alitakiwa kuripoti kwa waliokuwa wanamsafirisha. Wangekuwa na saa moja hivi ya kukaa pamoja. Mama mkwe aliposikia saa moja alisema inamtosha.

Siku yenyewe walifika kiwanjani kwa pikipiki mbili. Mama alikuwa amevaa kitenge cha kijani ambacho hukivaa Pasaka, kichwa amekifunga vizuri, na wifi kabeba mfuko wa jibini. Nilimketisha kwenye benchi nje ya kijumba cha kiwanja. Rubani, kijana wa Kenya mwenye miwani ya jua, akamsalimia shikamoo, naye akafurahi sana kwamba huko Nairobi kuna watoto wenye adabu. Mbingu zilikuwa safi upande wa ziwa, na mawingu machache yalikaa juu ya vilima vya Rugerero. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliitazama ndege na kuiona nzuri.

Afisa wa uhamiaji alikuja kwa pikipiki naye, dada mmoja mpole, na muhuri wake kwenye mkoba. Akaipokea pasipoti ya mama kutoka kwenye kitambaa cheupe ilimokuwa imefungwa. Akafunua kurasa. Akafunua tena kutoka mwanzo. Kisha akanivuta pembeni.

"Kwa pasipoti hii," akaniambia kwa Kinyarwanda, "huyu mama hayupo Rwanda."

Niligeuka nikamtazama mama mkwe, aliyekuwa anakula andazi.

"Hana muhuri wa kutoka kwao wala wa kuingia kwetu. Amepitaje?"

Sikuhitaji kuuliza, lakini niliuliza. Wifi alinijibu kama anayeulizwa kwa nini amepumua. "Tulipita bariyeri ndogo na jetoni, kama siku yote. Pasipoti ni ya Nairobi. Huku ni kwetu, juu ya nini tuitoshe mu kitambaa huku?"

Mama naye akaongeza, kwa kiburi kidogo, "Ile pasipoti niliilipa pesa mingi, mukwe. Niliichunga. Sikutaka baichafue na matampon, ile mihuri ya njiani, mbele haijafika Nairobi."

Niwaambie ukweli, nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimeombea chombo kizima cha chuma ruhusa ya nchi tatu, nikakilipia mpaka hewa kitakayopita, na safari ilikuwa imekwama kwa mwendo wa dakika kumi ambao mama mkwe wangu ameutembea maisha yake yote. Na hakuna aliyekosea kwa ubaya. Hakuna mtu wa mpaka huu ambaye angefanya tofauti. Mwenye jetoni ni mgeni wa mji huu mpaka jioni, basi. Haimpeleki nchi ya tatu. Afisa alieleza taratibu na kwa huruma: mama arudi bariyeri ndogo arudishe jetoni alipoichukua, avuke kwao, aende bariyeri kubwa, agongewe kutoka, agongewe kuingia, kisha aletwe hapa, naye atamgongea kuondoka. Angemngoja.

"Itachukua muda gani hiyo, madam?" rubani akauliza.

"Kidogo," nikasema.

Tulipanda gari la kukodi. Nikawashusha wifi na mama bariyeri ndogo, katikati ya mabeseni na mikokoteni, nikawaona wanamezwa na umati. Sikuvuka nao, kwa sababu ni mimi niliyesimamia safari ile na simu za rubani, za Kigali na za Nairobi zote zilikuwa zinakuja kwangu; ukivuka tu, laini inaanza kukatika. Nikaenda kuwangoja bariyeri kubwa, upande wetu, nikamwambia dereva asizime injini.

Pale unaweza kusimama ukaona watu walio katikati, wametoka nchi moja na hawajaingia nyingine. Nilisimama karibu na mama muuza parachichi. Wifi akanipigia: jetoni wamesharudisha. Baadaye akanipigia tena: wako kwenye pikipiki. Baadaye: "Tulifika, lakini kuko mustari, wifi. Mustari murefu. Batu ya mizigo banatutangulia."

"Waambie mama ni mgonjwa."

"Nilibaambia. Kila mutu hapa iko na mama mugonjwa."

Rubani alipiga mara ya kwanza kusema mawingu ya Rugerero yameanza kushuka. Niliomba muda wa kuondoka usogezwe, nikaandika upya mpango wa safari kwa kidole kimoja nimesimama juani, nikautuma, ukakubaliwa. Nikapumua. Alipopiga mara ya pili aliniambia Nairobi wamesema muda huo mpya ndio mwisho wao wa kuipokea, na kwamba mvua inaonekana. Kisha simu ikachukuliwa na yule mzee mwenyewe.

"Mama," akasema, "nisamehe sana. Nikilala hapa leo, vibali vyote vinaanza upya, na kesho asubuhi nina jambo Nairobi ambalo siwezi kuliahirisha. Yuko wapi mama yetu?"

Nilikuwa namwona. Alikuwa ametokeza katikati, pale kwenye nafasi kati ya vizuizi viwili, kitenge cha kijani, amemwegemea wifi, anatembea kama mtu anayekanyaga miiba. Mbele yake kulikuwa na watu wachache tu kabla ya dirisha la upande wetu. Ukimaliza dirisha kuna gari, na ukipanda gari kuna barabara ya kiwanjani, na kiwanjani kuna afisa, na baada ya afisa kuna ngazi ya ndege. Nilipiga hesabu hiyo kichwani mara kadhaa nikijaribu kuifupisha. Haikufupika.

"Yuko karibu," nikasema, "lakini hatafika."

"Basi nisaidie niondoke," akasema yule mzee.

Rubani haondoki na orodha yenye abiria asiyekuwemo. Orodha niliyotuma ilikuwa na mama mkwe wangu ndani yake, na wa kumtoa nilikuwa mimi. Nilifungua ile karatasi kwenye simu, nikamfuta. Nafasi yake nikaandika hakuna. Nikaituma Kigali, nikaituma Nairobi, nikamtumia rubani nakala, na mikono yangu ilijua kazi hiyo vizuri kiasi kwamba ilimaliza kabla mimi sijaamua kulia. Nilikasirika. Nilimkasirikia wifi na bariyeri yake ndogo, nikamkasirikia afisa kwa upole wake, nikawakasirikia wenye mizigo, nikamkasirikia mama mkwe mwenyewe kwa kufunga pasipoti kama nguo ya harusi. Mama wa parachichi aliniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia bado.

Mama alipita dirishani si muda mrefu baadaye. Alitokea upande wetu ameishika pasipoti wazi kwa mikono miwili ili wino ukauke, uso wote unang'aa.

"Angalia, mukwe! Balipiga yote mbili. Sasa tuende mbio."

Ndege ilikuja juu ya ziwa wakati huo huo, ikakata kona kuelekea mashariki, chini bado, tunaona hadi magurudumu yakikunjwa. Wifi aliinua macho akaelewa, akakaa chini pale pale barabarani. Mama hakuitazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Mama, imeondoka," nikasema.

"Ya nani?"

"Yetu."

"Haikuningoja hata kidogo?"

"Imengoja, mama. Imengoja sana."

"Bon, haya," akasema. Akaifunga pasipoti, akaifunika kwenye kitambaa chake, akatafuta pa kukaa. Tulimketisha kwenye ukuta mfupi upande wa ziwa, na wifi alipoanza kulia kwa sauti akamkemea: "Nyamaza, batu banatuangalia. Kulikufa nani?"

Dereva wa gari alikuja kuuliza kama azime injini. Nikamwambia azime. Nilijaribu kusema maneno ya mtu wa ofisi, kwamba tutatafuta ndege nyingine, kwamba Kanada nako watu huenda, lakini sauti yangu mwenyewe ilinichosha nikaacha. Mama alikuwa anasugua magoti.

Ndipo shemeji akapiga, simu ya picha. Alikuwa amekwisha fika kwenye kile kiwanja cha Nairobi, mapema mno, amevaa koti zito la mtumba walilomwambia atalihitaji huko aendako, na jasho linamtiririka. Nyuma yake kulionekana uzio wa waya na ndege ndogo zimeegeshwa.

"Shemeji, ilitoka?" akauliza. "Mama iko mu ndege? Niko kwa mulango kabisa, nitamuona akishuka."

Nilifungua kinywa. Mama akaichukua simu mkononi mwangu.

"Mutoto yangu," akasema, "mi niko hapa kwa bariyeri. Ndege ilienda."

Tulimwona shemeji akiangalia pembeni, akipangusa uso kwa mkono wa koti. Kisha akauliza polepole kama kuna nyingine leo, na mama akamwambia hakuna, na akamwambia asimlaumu mtu, kila mutu alijaribu.

"Inamisha kichwa," akasema.

"Mama?"

"Inamisha kichwa, nikubariki. Saa inaenda."

Akainamisha. Kwenye kioo cha simu zikabaki nywele zake, zimekatwa vizuri kwa ajili ya safari, na utosi ulioanza kuwa na upara ambao hakuna mmoja wetu aliyewahi kuuona. Mama mkwe aliilaza simu mapajani, juu ya kitenge cha kijani, akafumba macho, akaweka kiganja chake chote juu yake, kama anavyowawekea watoto wake wote wanapoondoka nyumbani. Akaanza kuomba kwa Kinyarwanda, taratibu, akimtaja baba yake shemeji na babu zake mmoja mmoja.

Chini ya kiganja sauti ikatoka, ndogo. "Mama, sikuoni. Kumekuwa giza. Mama, iko wapi?"

Wifi alininong'oneza niuondoe mkono wa mama, mtoto haoni kitu. Niliunyoosha wangu mpaka ukagusa vidole vyake. Vilikuwa vimekaza, vimefunika simu yote. Nikauacha mkono wake pale. Alikuwa bado hajafika kwenye amina.